Kiapo cha Bustani ya Mzungu

Siku nilipokabidhi funguo za zahanati, wenzangu vijana walinipa zawadi ya saa ya ukutani pamoja na ombi. Saa inakwenda vizuri. Ombi lao lilikuwa niwaandikie niliyojifunza kazini tangu miaka ya Uhuru, wapate kuyasoma pale wagonjwa wanapopungua. Nilivyopanda vyeo na nilicholipwa havimsaidii mgonjwa yeyote, kwa hiyo sitavitaja. Nitaandika niliyoyaona. Niliyosimuliwa nitayataja kuwa ni ya kusimuliwa, na mengi kati yake nitayaacha yapite, maana wilaya zetu za Korogwe na Handeni hazijawahi kupungukiwa na wasimulizi.

Nilianza Korogwe, Uhuru ukiwa bado mchanga, nikiwa na cheti kipya, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, na imani kubwa mno juu ya cheti hicho. Nilikabidhiwa kwa Bwana Yeremia, dresa mkongwe, yaani mfunga vidonda, Msambaa wa milimani juu ya Mombo, ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi upande mmoja. Asubuhi hiyo ya kwanza alinionyesha jiko la mafuta ya taa, sufuria ya kuchemshia sindano na jiwe la kunolea ncha zake, kwani nyakati zile sindano moja ilitumika mpaka iwe butu, ikanolewa, ikatumika tena. Kabla maji hayajachemka wakaingia watu wamembeba kijana mkata mkonge, kichwa kinaning'inia.

"Ana nini?" Bwana Yeremia akaniuliza.

"Amelewa, Bwana."

"Umejuaje?"

"Wamesema waliomleta."

"Wao wamesomea wapi?"

Niligeuka kuwatazama waliomleta.

"Haya, inama umnuse."

Niliinama. Hakukuwa na harufu ya pombe hata kidogo. Kijana alikuwa anaungua kwa homa. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Tulimtibu, akapona, na waliomleta wakaendelea kusimulia sokoni kwamba alikuwa amelewa. Bwana Yeremia aliniambia, huku akifuta miwani yake: "Ukimtibu mtu kwa maneno ya waliomleta, unawatibu wao. Yeye bado anangoja." Sikupata mafunzo bora kuliko hayo katika darasa lolote.

Baadaye nilihamishiwa Handeni, kwenye zahanati ya vyumba viwili, kabati moja, baiskeli ya serikali isiyo na breki, na kipimo cha kusikilizia moyo ambacho mpira wake niliuziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli hiyo hiyo. Nilizalisha akina mama, nikashona majeraha ya panga, nikapoteza watoto kwa surua. Mambo hayo ninyi pia mtayaona na hayahitaji maelezo yangu.

Kisha vikaja vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika katika vitongoji vyao vya msituni walipakiwa kwenye malori wakateremshwa mahali pamoja, kwenye ardhi ya shamba la mkonge ambalo meneja wake, Mzungu, alikuwa amekwisha kurudi kwao. Sitajadili hapa kama hatua ile ilikuwa njema au mbaya. Waliojadili walikuwa wengi na waliosikilizwa walikuwa wachache. Nitasema tu kwamba zahanati yangu ilipata watu wa kuhudumia, na surua ikapata watoto wengi mahali pamoja. Nyumba ya meneja iligeuzwa ghala la kijiji. Bustani yake iliachwa, na maua yakafa mwaka wa kwanza. Kilichobaki ni mimea ya kigeni isiyohitaji mtu: mirefu, minene, ya kijani, isiyo na jani, yenye mbavu kama tango kubwa lililosimamishwa wima.

Kijiji kilipata mashine ya kusaga. Aliyepewa kuiendesha ni Athumani, Mzigua wa makamo, mpole, aliyewahi kufanya kazi korona, kwenye mitambo ya kukamulia mkonge, na ndiye pekee kijijini aliyejua tofauti ya kuzima mashine na kuiua. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa na ulimi mkali kwa watu wote isipokuwa mumewe, na wakiwa wawili tu, hata kwake yeye. Wanawake waliacha vinu. Wakati wa jioni ulirudi mikononi mwao, na wengine waliniambia wazi kwamba katika mambo yote ya kijiji, hilo moja lilikuwa la kweli.

Asubuhi moja mkanda wa mashine haukuwapo.

Waliokuwa na njia ya kuingia chumba cha mashine ni watatu: Athumani mwenyewe, Hamisi mtunza ghala, na Ramadhani mlinzi, ambaye alikuwa shemeji yake Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Bakari. Kila mmoja alikana. Polisi walikuwa mbali, na Mwenyekiti hakuwa na haraka ya kuwaita. Kijiji chake kilikuwa kimesifiwa kwenye mkutano wa wilaya, na mwizi angeharibu sifa. Wazee wakaomba ruhusa ya kuwanywesha watuhumiwa kiapo. Mwenyekiti alisema kwa sauti kwamba Chama hakitambui mambo hayo, kisha akaenda kukagua pamba upande wa pili wa kijiji.

Kwa wasiojua desturi ile: aliyetuhumiwa hunywa maji yaliyochemshwa na mti maalumu mbele ya watu. Akitapika, hana hatia; mwili wake umekataa uongo. Asipotapika, huongezewa kata ya pili. Ikibaki tumboni hiyo pia, yeye ndiye. Mnyweshaji wa kijiji alikuwa Mzee Chambo, mtu mkimya aliyeheshimika. Ramadhani alikunywa, akatapika papo hapo. Hamisi akatapika baada ya muda mfupi. Athumani aliinama, akajikamua, akajitia vidole, na tumbo lake halikutoa kitu. Akapewa kata ya pili. Akainywa yote, kwani alijua hana hatia na aliamini kwamba tumbo lingejua pia.

Haya nilielezwa na watu wengi, na kwa mara moja katika maisha yangu maelezo ya watu wengi yalilingana. Niliyoyaona mwenyewe yanaanza Mwanaidi alipoingia zahanati anahema, kanga imemwanguka mabegani.

"Bwana Mganga, wamemuua mume wangu."

"Amekufa?"

"Hajafa. Anacheka. Athumani hacheki, Bwana Mganga. Unamjua."

Nilimkuta ameketi nyuma ya ghala, uso ukutani, jasho linamtiririka, mboni za macho zimetanuka kama za mtu aliye gizani ingawa jua lilikuwa utosini. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Nilimuuliza jina lake, akalitaja. Nilimuuliza jina langu, akalitaja, akaongeza kwamba nilikuwa na nyuso kadhaa na zote zimekunjamana. Hapo watu waliozunguka walirudi nyuma.

"Unaona nini, Athumani?"

"Mkonge unatembea," akasema kwa upole, akionyesha mistari ya mkonge iliyoteremka kuelekea barabarani. "Mstari mmoja unapita ndani ya mwingine. Na ukuta huu unapumua. Lakini ukuta haupumui, eti?"

"Haupumui."

"Ndivyo nilivyodhani."

Kumbukeni jibu hilo. Katika hali ile, tumboni mwake kukiwa na kata mbili za sumu, mtu yule aliniuliza kama anachokiona ni kweli, na nilipomwambia si kweli, akakubali. Nyuma yangu mtu alisema, "Anakiri! Amesema anaona mkanda!" Hakuwa amesema neno mkanda. Kufikia machweo kijiji kizima kilikuwa kimelisikia.

Nilimpeleka zahanati, nikamlaza chumba chenye giza, nikampa maji, nikamwacha Mwanaidi amshike mkono. Nilikuwa na dawa ya kutuliza kabatini, lakini sikumchoma, kwa sababu sikujua amekunywa nini. Siku ya pili yake alijua mahali alipo, akaomba uji. Ndipo nilipokwenda kwa Mzee Chambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Uliwanywesha mti gani?"

"Wa kiapo."

"Mti wa kiapo uko kijiji hiki?"

"Mti wetu uko kule tulikotoka. Mlitupakia sisi kwenye lori, mti hamkuupakia. Kule sasa wanakaa nyani. Huu wa bustani ya Mzungu unafanana nao, umbo hilo hilo, mbavu hizo hizo."

"Wa kwenu ukikatwa hutoa nini?"

"Maziwa."

"Na huu?"

"Maji tu."

"Hukuona kwamba si mti mmoja?"

"Niliona. Nikasema umekaa sana na Mzungu, umekauka maziwa."

Sikucheka, na ninyi msicheke. Mzee yule alitumia mti wa mgeni kwa sababu wake ulikuwa umeachwa nyuma pamoja na makaburi ya baba zake, na alifanya kosa ambalo lingeweza kufanywa tu na watu waliohamishwa bila kuulizwa. Nilikata kipande cha mmea ule, nikakifunga kwenye gazeti. Baada ya siku kadhaa nikamchukua Athumani kwenda naye Korogwe kwa daktari wa wilaya.

Safari ile tulishuka Segera kungoja gari la kwenda Korogwe. Athumani alikuwa ameinamisha macho tangu tulipoondoka, kwani kila tulipopita shamba la mkonge mistari ilianza kumtembelea. Ghafla akainua kichwa.

"Bwana Mganga, unasikia?"

Nilisikia mashine ya kusaga nyuma ya maduka, ikipiga kama mashine zote.

"Mkanda huo una kiraka," akasema. "Kila ukizunguka unapiga kofi. Nilikishona mimi."

Nakiri nilisita. Mtu aliyekuwa ameniambia kwamba ukuta unapumua, sasa ananiambia anatambua mkanda kwa kuusikia. Lakini kusita si kukataa, nilimfuata. Mwenye mashine, mfanyabiashara mdogo mwenye tumbo kubwa, alimtazama, akacheka. "Huyu si yule kichaa wa Handeni aliyekula mti wa Mzungu? Habari zake zimefika kabla yake. Wanasema anaota miiba mwilini."

"Unaiona miiba?" nikamuuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Zima mashine."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mtu aliye tayari kwenda kuwaita polisi kwa miguu."

Aliizima. Kiraka kilikuwapo, cha ngozi ya ng'ombe, kimeshonwa kwa katani. Mwenye mashine aliona tumbo lake halitamwokoa, akamtaja mara moja aliyemuuzia: Ramadhani mlinzi, aliyetapika wa kwanza na kuondoka ameinuliwa mabegani. Polisi walimchukua juma hilo hilo. Kiapo kilikuwa kimemwachia mwizi kwa kuwa alikuwa na tumbo jepesi, na kumtia hatiani mwendesha mashine kwa kuwa lake lilikuwa imara. Hakukuwa na siri nyingine ndani yake.

Daktari wa wilaya alikuwa kijana, msomi, asiyejifanya. Alilinganisha kipande changu na picha katika kitabu chake, akasema kinafanana sana na mpungate (kaktasi) mmoja wa Amerika wenye dawa iitwayo meskalini, ingawa hawezi kuapa. Alimpima Athumani kwa saa nzima. Kisha akaniambia maneno ninayoyaandika kama nilivyoyashika.

"Dawa yenyewe imekwisha kutoka mwilini mwake, haikai zaidi ya siku moja au mbili. Huko inakotoka kuna wenyeji wanaoitumia kwa ibada tangu mababu, na wanaendelea kulima na kulea watoto kama watu wengine. Wengi hawabaki na kitu. Wachache hubaki na macho yanayochezacheza, pengine miezi, pengine miaka. Wachache zaidi, ambao tayari wana ugonjwa wa akili uliojificha ndani, huamshiwa ugonjwa huo. Mgonjwa wako simwoni katika kundi hilo la mwisho. Anajua kinachocheza ni macho."

"Atapona lini?"

"Sijui. Na atakayekuambia anajua, muulize aliwafuata wagonjwa wangapi na kwa muda gani. Utaona hakuwafuata."

Niliamua kwamba mimi nitamfuata huyu mmoja. Kila mwezi Athumani alikuja zahanati, nikamkalisha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, nikamuuliza anachoona. Mwanzoni ukuta ulijaa mistari iliyojikunja kama minyoo. Mtu akipita mbele yake, mkono wake uliacha mkia hewani. Kisha nikamuuliza swali la pili, lile nililoliona kuwa ndilo kipimo: "Ni kweli?" Kila mara alijibu, "Si kweli, Bwana." Kulala alilala. Kula alikula. Hesabu ya madebe aliifanya kichwani kwa kasi kuliko mimi. Kwa maoni yangu ya wakati ule na ya leo, hakuwa mwendawazimu hata siku moja baada ya siku ile ya kiapo.

Mkanda uliporudi, Mwenyekiti aliitisha kamati kuamua nani ashike mashine. Nilikwenda nikiwa na hakika, jambo ambalo sijawahi kuwashauri vijana walifanye.

"Ndugu wajumbe," Bwana Bakari akaanza, bila kumtaja shemeji yake, "kwamba Athumani si mwizi, hilo limekwisha. Tunampa pole. Sasa tuulize la pili. Athumani, ndugu yangu, uso kwa uso: ukiutazama mkanda unazunguka, unaona mikanda mingapi?"

Athumani angeweza kusema mmoja. Mwanaidi, aliyesimama mlangoni na wanawake wengine, alimkazia macho aseme mmoja.

"Saa nyingine mitatu," akasema. "Lakini najua ni mmoja."

Chumba kikacheka.

"Bwana Mganga," Mwenyekiti akanigeukia, "mtu anaona mikanda mitatu palipo na mmoja, nawe unatuambia mzima?"

"Anaona mitatu na anajua ni mmoja. Hapa kijijini mkanda ulikuwa mmoja, mlinzi akaapa hakuuona, wala hamkumpima akili."

Kicheko kiligeuka kikawa upande wangu kwa muda mfupi, na muda huo ulimgharimu Athumani, kwa sababu Mwenyekiti hakusahau nani alichekwa. Mzee mmoja akasema kwa huruma ya kweli, "Bwana Mganga, sisi hatumchukii. Lakini wake zetu watapeleka mahindi kwake? Akisaga huku anaona mambo, unga utakuwa na nini ndani?"

"Utakuwa na mahindi," akafoka Mwanaidi kutoka mlangoni. "Mume wangu si kichaa, ni mkaidi tu. Angekuwa mwongo kama ninyi, leo angekuwa na mashine!"

Nilipendekeza ashike mashine pamoja na msaidizi, nikaeleza maneno ya daktari, nikaeleza kwa nini aliyebaki na sumu tumboni ndiye aliyeona mambo na waliotapika hawakuona. Walisikiliza vizuri. Kisha wakampa mashine mtoto wa kaka yake Mwenyekiti, ambaye aliiua kabla ya mavuno yaliyofuata, na vinu vikatolewa tena nje. Nilitegemea hasira za wanawake zingemrudisha Athumani. Hazikumrudisha. Ilisemwa kwamba mashine ilikufa kwa sababu yeye aliitazama.

Hapo ndipo nilipoona madhara ya muda mrefu ya kitu kile, na sikuyaona katika macho ya mgonjwa. Macho yalikuwa yanapona. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, mikia ya hewani ilikuwa imetoweka. Baadaye minyoo ya ukutani ikabaki kwa nadra, jua likiwa kali au yeye akiwa amechoka. Kila hatua ya kupona nilimweleza Mwenyekiti, na kila mara alinishukuru. Wakati huohuo habari zilikuwa zinakua zenyewe. Mombo, nikingoja basi, nilimsikia mwanamke muuza mayai akisimulia kichaa wa Handeni anayekula kuku wabichi. Nilimuuliza kama amemwona. Akasema wifi yake amemwona. Nilimuuliza wifi yuko wapi. Alikuwa Tanga, na hakuwahi kufika Handeni.

Mtoto wa mwisho wa Athumani na Mwanaidi alipata degedege la malaria. Nilimtibu mwenyewe, akapona bila kasoro. Lakini alikuwa amejinyonganyonga mbele ya watu, na watu wakasema sumu ya baba imehamia kwenye damu. Kaka zake Mwanaidi wakaja kumchukua, kutoka Kerenge, na baiskeli mbili. Nilikwenda kuzungumza nao. Walikuwa watu wa adabu, walinipa kiti, walinisikiliza mpaka mwisho. Mkubwa wao akasema, "Tunakuamini, Bwana Mganga. Lakini dada yetu hana pa kuchota maji. Akifika kisimani wenzake wanainua ndoo. Wewe utamchotea?"

Mwanaidi alifunga mzigo. Alipopita zahanati aliteremka kwenye baiskeli, akaniambia, "Siku watakayompa mashine, niite. Nitarudi kwa miguu." Nilimwahidi. Nilikaa Handeni miaka mingine kadhaa, na siku hiyo haikuja. Baadaye nilisikia ameolewa tena. Hili ni la kusimuliwa, lakini aliyenisimulia ni kaka yake.

Kisha nilihamishwa, na kwa muda mrefu sikumwona Athumani. Niliporudi kijijini kwa kazi ya chanjo, nilimtafuta. Nilielekezwa kwenye nyumba yenye bati jipya pembeni mwa bustani ya Mzungu. Nje walikuwa wameketi watu wanangoja, wanawake watatu wanne na mchungaji mmoja wa Kimaasai mwenye fimbo magotini. Nilidhani ni msiba.

Athumani alinipokea kwa furaha, akanisogezea kiti. Alikuwa amenawiri. Sikutaka mazungumzo kabla ya kazi, nikamgeuza uso kwenye ukuta wake uliopakwa chokaa, jua la adhuhuri likiupiga sawasawa.

"Unaona nini?"

"Ukuta."

"Mistari?"

"Hakuna."

"Na mkonge, ukipita shambani?"

"Umesimama, Bwana. Umesimama siku nyingi sasa. Nilikata mkonge mwaka mzima kwa kibarua, hakuna mstari uliotembea."

Nilimpima macho, mapigo ya moyo, kumbukumbu, hesabu. Alikuwa mzima kabisa, na naandika hapa kwa ajili ya yeyote atakayeuliza: mgonjwa pekee niliyepata kumfuata baada ya kunywa meskalini, kama ndiyo iliyokuwa, alisumbuliwa na macho kwa miaka michache, akapona, na akili yake haikupungua. Mgonjwa mmoja si ushahidi wa wote. Lakini ni mmoja zaidi ya wale wa wifi wa Tanga.

Nilisimama, nimejaa furaha isiyolingana na umri wangu. "Athumani, leo mkutano wa chanjo utakuwa na kijiji kizima. Nitalisema hili mbele yao wote. Mwenyekiti mpya ni mtu wa kusikiliza. Mashine ipo?"

"Ipo."

"Basi."

Hakusimama. Alitazama mlangoni, akashusha sauti.

"Wale waliokaa nje, unajua wamefuata nini? Yule Mmaasai amepoteza ndama. Wale wamama, mmoja mwanawe hajarudi kutoka Segera, mwingine ameibiwa kuku. Wanakuja niwatazamie. Walianza wenyewe, Bwana Mganga. Nilipokuwa naona kweli, walinikimbia. Nilipoacha kuona, wakaanza kuja. Nikawaambia sioni kitu, wakaongeza kuku. Wakasema mwenye macho hujificha."

"Nawe unawaambia nini?"

"Ninachodhani. Ndama hufuata maji. Vijana hurudi wakikosa nauli ya kwenda mbele. Mara nyingi huwa hivyo." Aliinua macho kwenye bati. "Nilisema kweli mbele ya kamati, wewe ulikuwapo. Kweli ilinipa nini? Sasa nina bati. Kisimani wananichotea wao."

"Athumani, wewe ni mzima. Nimekupigania ujulikane hivyo tangu ukiwa na ndevu nyeusi."

"Najua. Hakuna mwingine aliyenipigania." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama ashikavyo mtu anayeomba. "Ndiyo maana nakuomba wewe. Usiwaambie."

Nje mtu alikohoa, namna ya kukumbusha. Athumani aliuachia mkono wangu, akageuza kiti chake kikatazama ukuta mweupe, akayafumba macho yake mazima, akasema kwa sauti nyingine, "Mama wa kwanza, pita."